Simiti Hailazwi Chini

Kila asubuhi, kama mvua ilinyesha, Waithira alianza siku kwa kumwaga maji. Aliweka sufuria moja chini ya tundu la paa, karai moja karibu na kitanda, na kopo pale mlangoni. Anamwaga nje, anarudisha. Halafu ndio anawasha moto wa uji.

Hii ilikuwa mwaka wa hamsini na nane, kwa kile kijiji tuliwekwa na serikali ya Wazungu wakati wa hatari, juu ya mto Theta, si mbali sana na Ruiru. Nyumba zilikuwa zimebanana kama meno. Mimi naitwa Zacharia. Nilikuwa fundi wa mawe, na nyumba yangu ilikuwa ya tatu kutoka kwa Waithira. Haya mambo niliyaona na macho, na mengine nilifanya na mikono yangu. Kwa hivyo ukinisikia nikilaumu watu, jua na mimi nimo.

Bwana yake Waithira aliitwa Kagwe. Kazi yake ilikuwa kuchonga mawe kwa kwari ya Ruiru. Alikuwa mtu mpole. Alikuwa na baiskeli nyeusi, na aliipangusa kila jioni kama mtu anapangusa mtoto.

Watoto hakuwa nao. Walizaa wawili katika ile nyumba, kijana na msichana. Wote wawili walikufa na kichomi, ule ugonjwa wa baridi unaoshika kifua. Kijana alikwenda mwezi wa tano. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano tena, msichana akamfuata. Mimi ndiye nilichimba na Kagwe hizo kaburi mbili.

Sasa Waithira alikuwa na mimba ya tatu. Wanawake walihesabu wakasema atazaa mwezi wa nne, mvua kubwa ikianza.

Siku moja tulikuwa tumekaa nje, Kagwe akamwambia bibi yake, "Huyu hatazaliwa hapa."

"Atazaliwa wapi basi? Juu ya mti?"

"Kwa nyumba ya mawe. Mabati juu. Sakafu ya simiti."

"Haya. Amka sasa, uji umeiva," Waithira akasema.

Lakini Kagwe hakuwa anaota. Mashamba yalikuwa yamepimwa upya, akapata kipande chake kule chini, karibu na mto. Watu walianza kuruhusiwa kutoka kijijini, kila mtu akajenge kwake. Yeye alikuwa ameweka akiba tangu yule msichana azikwe.

Sasa ngoja nieleze kitu moja, kwa sababu vijana hawakijui. Sisi Wakikuyu zamani nyumba ilijengwa siku moja. Asubuhi wanaume wanachimba mashimo na kusimamisha miti, wanawake wanaleta nyasi. Jua likizama, lazima moto uwe umewaka ndani. Wazee walisema nyumba ikilala bila kumalizwa, kitu kibaya kinaweza kuingia kabla ya mwenyewe. Mimi sicheki hiyo desturi. Ilifanya watu wasaidiane, hakuna mtu alijenga peke yake.

Lakini zile nyumba za kijiji tulijenga kwa amri, mbio mbio, mtu akisimama nyuma yako. Nyumba ya Kagwe ililala siku nne bila paa. Watoto walipokufa, watu wakaanza kunong'ona. "Mnaona? Si ililala wazi?" Hayo maneno yalimwingia Kagwe kama mwiba, yakakaa huko ndani.

Kwa hivyo alikuja kwangu mwezi wa kumi akaniambia, "Zacharia, nataka mawe, mchanga, simiti, mbao na mabati, zote zije siku moja."

"Siku moja?"

"Siku moja. Asubuhi zije, mchana tuanze kujenga. Hii nyumba hailali nusu."

"Kagwe, nyumba ya mawe ni mwezi na zaidi."

"Najua. Lakini vitu vyote vikiwa hapo, ni kama imekwisha. Hakuna kitu kitapata mahali pa kuingia."

Hapo ndipo nilipaswa kusema neno. Nikanyamaza. Si kwa ubaya. Nilikuwa nimejenga kwa Wazungu miaka mingi, lakini kila asubuhi nilikuta simiti imeletwa na karai, mawe yamepangwa, mchanga umefunikwa. Sikuwahi kuuliza nani alipanga. Fundi anajenga, stoo ni ya mtu mwingine. Nilijua kujenga ukuta, lakini kupokea vitu sikujua. Na sikujua kwamba sijui.

Tulichimba msingi wiki moja. Mimi, Kagwe, na Bedan. Bedan alikuwa ndugu yake mdogo, mtu wa kucheka, mchezaji mkubwa wa densi, viatu vyake vilikuwa vinajulikana mpaka Thika. Mvua kidogo ilipita hiyo wiki. Hatukujali.

Siku ya vitu ilifika. Lori ilikuwa ya Yusuf, Mwislamu wa Thika, dereva wa kukodi, mtu wa mdomo mrefu. Alisimamisha lori barabarani, akashuka, akakanyaga udongo wetu na kisigino. Ule wa chini karibu na mto ni udongo mweusi. Kukiwa kavu unapasuka kama midomo. Ukipata maji unanata kama ugali mbichi.

"Bwana Kagwe," akasema, "hii ni barabara ama ni uji?"

"Jana punda wangu alipita."

"Na huyo punda ana tani tano?"

Tulicheka. Turnboi wawili, vijana wa kupakua, walicheka pia juu ya lori. Nakumbuka hicho kicheko, maana ndicho cha mwisho cha siku hiyo.

Safari ya kwanza ilileta simiti, mbao na mabati. Tulipokuwa tunapakua, Yusuf akauliza, "Simiti niweke wapi?" Kagwe akatazama huku na huku. Hakuwa amefikiria. "Weka tu hapo chini ya migomba." Basi mifuko thelathini ikalazwa juu ya majani ya migomba, chini kabisa. Mabati yakalazwa kwa nyasi. Mbao zikatupwa juu yake.

Safari ya pili ilileta mchanga. "Mchanga?" "Mwaga tu hapo." Ukamwagwa kwa mteremko.

Safari ya tatu ilikuwa mawe. Saa nane mchana, na wingu jeusi limefunga upande wa Gatundu. Kagwe alianza kukimbia kimbia. Aliona siku inaisha na hata jiwe moja halijawekwa.

"Leta hapa!" akapiga kelele. "Hapa kabisa, kando ya msingi! Fundi asitembee!"

Yusuf akatoa kichwa dirishani. "Hiyo kando itanibeba?"

"Itabeba! Nimechimba mimi mwenyewe!"

Bedan alikuwa ndani ya msingi, anatoa udongo uliokuwa umeanguka. Hakuna mtu alimwambia atoke. Mimi nilikuwa karibu naye kama hatua sita. Hata mimi sikumwambia.

Yusuf akarudi nyuma pole pole. Gurudumu la nyuma likafika kando ya mtaro wa msingi. Ardhi haikupiga kelele. Ilikunjika tu, kama mtu amechoka. Lori ikalala upande, na mawe ya juu yakaanza kushuka, moja, mbili, halafu mengi pamoja.

Bedan aliita mara moja. "Muru wa maitu!" Maana yake ni mwana wa mama yangu. Alikuwa anamwita Kagwe.

Tulitoa mawe na mikono. Mvua ilianza tukiwa bado tunatoa. Lori haikuweza kutoka, kwa hivyo tulimbeba Bedan juu ya bati moja mpaka barabarani, na lori nyingine ikampeleka hospitali. Yusuf alienda naye, ameshika kichwa chake kwa mapaja, anasoma dua.

Walimkata mguu chini ya goti.

Lori ilivutwa na trekta, na sisi siku tatu hatukurudi shambani. Tuliporudi, mvua ilikuwa imefanya kazi yake. Mchanga ulikuwa umeshuka wote mpaka mtoni. Mabati yalikuwa na madoa meupe, na mbao zilikuwa zimeanza kujipinda. Mifuko ya simiti ya pembeni ilikuwa mawe tayari. Ile ya katikati ilionekana nzima, kama kumi na tano. Kagwe aliibeba moja moja mgongoni mpaka kijijini, akaipanga kwa nyumba yake, juu ya sakafu ya udongo, imeegemea ukuta. Akaifunika na blanketi.

Waithira aliniambia baadaye, "Zacharia, alichukua blanketi yake. Yeye amelala bila."

Wiki mbili zikapita. Kagwe alienda kwari, akatoka kwari akaenda hospitali, akarudi. Bedan hakuwa anamsemesha. Anageuza uso ukutani mpaka ndugu yake aondoke. Kijijini watu walikuwa wameanza tena. "Hata haijajengwa na imekula mguu."

Jumapili moja Yusuf alikuja na mtu. Mkamba mfupi, mzee kidogo, kofia yake ina jasho la miaka mingi. "Huyu ni Mbuvi," Yusuf akasema. "Anakaa Makongeni. Ndiye anapokea vitu kwa yadi ya vifaa vya ujenzi pale Thika. Lori zote zinazopita mkono wake nazijua. Nimemwambia habari zenu, akasema lazima aone."

"Karibu, mzee," Waithira akasema, akampa kigoda.

Mbuvi hakukaa. Aliona ile blanketi. "Na huyu mgonjwa ni nani?"

"Ni simiti," Kagwe akasema.

Mbuvi alifunua. Akagonga mfuko wa chini na vidole, ko ko ko. "Hodi," akasema. Akangoja. Akagonga mwingine. "Hodi. Hakuna mtu. Huyu amekufa. Na huyu. Huyu wa juu bado anapumua kidogo."

"Tangu iingie hapa haijanyeshewa!" Kagwe akasema. "Nimeifunika. Haijaguswa na tone moja!"

"Ulifunika kichwa, bwana. Yeye alikunywa na matako."

Waithira alicheka, mara moja tu, halafu akaziba mdomo. Kagwe hakucheka.

"Mama," Mbuvi akamgeukia Waithira, "mahindi yenu mnaweka wapi?"

"Kwa ghala, hapo nje."

"Ghala imesimama juu ya nini?"

"Juu ya miti. Na mawe chini ya miti."

"Kwa nini usilaze mahindi chini? Chini kuna nafasi."

"Ngai! Mahindi yakilazwa chini si yataoza? Udongo una maji, hata kama huyaoni."

"Ehe," Mbuvi akasema. "Bwana Kagwe, umesikia? Bibi yako anajua kazi yangu yote. Nyinyi Wakikuyu mahindi mnayapandisha ghorofani, halafu simiti, ambayo mmenunua na jasho, mnailaza chini kama mbwa."

"Hata Wakamba hawakuzaliwa na simiti," Kagwe akamjibu, na ilikuwa mara ya kwanza siku nyingi kumsikia akijibu mtu.

"Hapana. Mimi nilifundishwa na hasara. Mwaka wa kwanza kwa yadi niliua mifuko mia moja. Nilinusurika kufukuzwa." Akakaa sasa kwa kigoda. "Niambie ukweli. Kwa nini uliita kila kitu siku moja? Hata yadi yetu kubwa haiwezi kupokea hivyo."

Kagwe alitazama ile blanketi. Halafu akamwambia yote. Ile desturi. Zile siku nne bila paa. Watoto wawili. "Nyumba ililala wazi, kitu kikaingia," akasema. "Sikutaka kiingie tena."

Mbuvi alivua kofia. Aliinuka akaenda kwa ukuta. "Lete mkono wako."

Kagwe akaenda.

"Shika hapa chini."

Kagwe alishika. Ukuta ulikuwa umelowa, baridi, udongo unatoka na vidole.

"Kilichoingia ndio hiki," Mbuvi akasema pole pole. "Hakikuingia siku ile ya kujenga. Kimeingia kila siku, na hata sasa kinaingia. Mtoto mdogo akilala kando ya hii, kifua chake kinakunywa kama simiti."

Waithira alitoka nje. Tulimsikia akilia nyuma ya ghala. Mbuvi akataka kusimama, Kagwe akamwambia, "Mwache, mzee. Hajalia tangu msichana." Na yeye Kagwe alibaki pale na mkono kwa ukuta.

Baadaye tulishuka shambani sisi wanne. Mbuvi alitembea huku na huku, hana haraka. Mimi nilidhani ataanza na simiti. Alianza na barabara.

"Kabla ya kuita lori, jiulize itaingiaje, itageukia wapi, itatokaje," akasema. "Si itakapokuja. Kabla. Hapa pote pawekwe mawe ya kuvunjwa, shimo zijazwe, mpaka Yusuf akanyage na kisigino na kisiingie."

"Na hicho kisigino changu ni kikali," Yusuf akasema.

"Wewe nyamaza, ulikubali kurudi nyuma mahali hukupaona." Yusuf akainamisha kichwa. Mbuvi akaendelea. "Msingi una kina gani? Karibu kiuno? Basi lori isikaribie hata hatua kumi. Na mawe yasiwekwe kando ya mtaro. Hatua tatu, nne, hata tano. Fundi atatembea. Miguu ya fundi ni ya kutembea." Akanitazama. Nikatazama chini. "Na lori ikirudi nyuma hakuna mtu anakaa nyuma yake, wala ndani ya shimo. Mtu mmoja tu ndiye anaongoza, na dereva anamwangalia huyo peke yake."

"Nilikuwa mimi," Kagwe akasema.

"Ulikuwa wewe, na ulikuwa na haraka. Mtu wa haraka asiongoze lori."

Nikamuuliza kuhusu mawe, tuyarundike vipi. Akasema yasipite kiuno, yalale sawa, yasiegemee mti wala ukuta, na yagawanywe mafungu manne kuzunguka nyumba ili nisibebe mbali. Mchanga uwekwe juu kwa mteremko, mahali pagumu, uzungushiwe mawe usikimbie, na juu yake tuchimbe mfereji mdogo maji yapite kando. Mabati yasilazwe chini, maji yanaingia katikati yanayala. Yasimame, yameegemea kidogo, chini yake mbao. Mbao zenyewe zilale juu ya vijiti, na vijiti vingine katikati, upepo upite, na zisipigwe jua.

"Na simiti?" Kagwe akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Simiti iwe ya mwisho. Jenga kibanda kwanza. Jukwaa la mbao juu ya mawe, mkono wako uweze kupita chini. Mifuko isiguse ukuta. Ibanane yenyewe kwa yenyewe, isizidi kumi kwenda juu, ufunike na turubai. Na usiite thelathini. Ita ile ya wiki moja. Ikiisha, ita nyingine. Iliyoingia kwanza itoke kwanza."

"Kwa hivyo nyumba italala nusu," Kagwe akasema. "Wiki nyingi."

Mbuvi alifikiri. "Hiyo siku yenu moja, iwekeni kwa paa. Kuta zikiwa tayari na kila kitu kiko hapo, ita watu wote. Asubuhi mpandishe, jioni mwashe moto. Wazee wako watakataa hiyo?"

Kagwe alitazama mtoni. "Hawatakataa," akasema.

Pesa ya kununua simiti yote tena haikuwapo. Hapo ndipo mimi nikapata la kusema. Nilimwambia tutashikanisha mawe kwa ndani na udongo mzuri mwekundu wa juu, na simiti tutaweka msingi, viungo vya nje na sakafu tu. Kagwe aliuza baiskeli. Kutoka siku hiyo alienda kwari na miguu, anaamka mapema kuliko jogoo, na jioni anarudi na gunia la vipande vya mawe mgongoni, yale yaliyotupwa, kwa ajili ya barabara. Ile simiti iliyokufa aliivunja na nyundo mwenyewe, mfuko kwa mfuko, akaijaza kwa shimo za njia. Nilitaka kumsaidia. Alikataa.

Bedan alirudi nyumbani mwezi wa kumi na mbili na magongo mawili. Alikaa mbele ya nyumba ya mama yao, hasemi. Wiki ya tatu nilimwona akishuka shambani peke yake, anateleza, anasimama, anateleza tena. Kagwe alikuwa anapiga vigingi vya kuonyesha mahali pa mawe. Bedan alisimama pale juu kwa mteremko akatazama.

"Hicho kiko karibu," akasema.

Kagwe aliganda na nyundo mkononi.

"Hatua tano, alisema huyo Mkamba. Yusuf aliniambia. Wewe umepima hatua za kuku."

"Pima wewe basi," Kagwe akasema.

"Na mguu gani?"

Halafu Bedan akachukua gongo moja, akalilaza chini, akahesabu urefu wake mara tano na nusu kutoka kwa msingi. "Hapa," akasema. "Piga hapa. Mguu wangu ulilipa karo ya haya masomo. Sitaki mtu mwingine alipe."

Kagwe alipiga kigingi. Alikosa mara mbili.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, kukiwa kavu, Yusuf alileta mawe mengine. Alishuka, akakanyaga na kisigino, akakanyaga tena. "Hii sasa ni barabara ya Gavana," akasema. Bedan alisimama pale juu ambapo dereva anaona vizuri. Aliangalia nyuma ya lori. Aliangalia ndani ya msingi, mwisho mpaka mwisho, akatuita majina mmoja mmoja, Kagwe, Zacharia, na kila mmoja akaitika kabla hajainua gongo lake. "Rudi!" Lori ikarudi. "Simama!" Ikasimama. Mawe yalishuka fungu la kwanza, la pili, mpaka la nne. Turnboi mmoja alitaka kurushia jiwe karibu na mtaro kwa uvivu, Bedan akamtukana kwa Kikuyu mpaka yule kijana, ambaye alikuwa Mkamba, akaelewa.

Ndivyo tulipokea kila kitu. Mchanga, halafu simiti mifuko minane, halafu mifuko minane tena. Kila asubuhi Waithira aliingia kibandani kabla yetu, tumbo limekuwa kubwa, anapitisha mkono chini ya jukwaa na kuutoa. "Kavu," anasema. Mimi sikuanza kazi kabla ya kusikia hilo neno. Hakuna mfuko hata mmoja ulikufa. Zile bati za zamani tulizipangusa zote, mbao zilizopinda tukazikata tukatumia fupi.

Wiki ya tatu ya mwezi wa tatu tulipandisha paa. Watu wa kijiji walikuja, hata wale wa kunong'ona. Mbuvi alikuja na basi ya asubuhi, akala githeri kuliko mtu yeyote, Yusuf akamwambia hata hiyo ameipanga kwa jukwaa tumboni. Tulianza jua likitoka. Bati la mwisho lilipigwa msumari jua bado liko juu ya miti, na Waithira akaingia na kaa la moto kwa kigae. Moshi ulitoka dirishani. Wanaume wengi walivua kofia, sijui kwa nini. Bedan alibaki barabarani, amekaa juu ya mawe yaliyobaki. Nilimpelekea chakula. "Ningecheza leo," akaniambia. Nikakaa naye.

Ile jukwaa ya simiti haikurudi kwetu tena. Jirani mmoja aliomba, akajenga, akapeana kwa mwingine. Na kabla mtu hajaita lori, alikuwa anamwita Bedan kwanza. Anakuja na magongo yake, anapima, anakataa vigingi, anatukana. Mtu akimwambia, "Bedan, hapa panatosha," anainua suruali kidogo, anamwonyesha. Hapo maneno yanaisha. Katika hizo nyumba zote hakuna mtu aliumia.

Waithira alizaa tarehe kumi na moja mwezi wa nne. Msichana. Siku ya pili mvua ilianza, ile ya kufunga mlango, ikanyesha siku tisa bila kupumua. Mto Theta ulipanda mpaka kwa migomba. Kagwe alikaa karibu na mtoto, kila saa anaweka sikio kwa kifua chake. Waithira alikuwa anapapasa ukuta, juu, chini, kwa kona, anarudi tena. Nilipita kuwaona siku ya sita nikawakuta hivyo, wote wawili macho mekundu, na mtoto amelala.

Siku ya kumi jua lilitoka, na ukuta ulikuwa bado mkavu. Waithira alitoka nje na nguo ndogo za mtoto, akazianika kwa kamba moja moja. Zilikuwa zimelowa kwa sababu alikuwa amezifua.